Mtungi wa Mawe ya Redio

Katika pembe ya ukumbi wangu, kati ya kiti na dirisha, pamekaa mtungi ambao hautiwi maji. Mdomo wake umezibwa kwa kipande cha mkeka wa zamani, na juu ya mkeka nimeweka jiwe. Mgeni mwenye kiu akiutazama kwa matumaini, mke wangu huwahi kumwambia kwamba maji yako uani, na kwamba yule pale pembeni ni mke mwenzake, haguswi. Mgeni hucheka, kisha huuliza kama wako wake wenza wengine. Mke wangu humwonyesha kiti changu.

Ni kweli kwamba kiti hicho na mimi tumezoeana. Watu wa rika langu wametembea. Wamefika Mwanza, wamefika Unguja, na mmoja alipelekwa Ulaya ya mashariki kusomea matrekta, akarudi na kofia ya manyoya ambayo hapa kwetu Kilwa aliivaa mara moja tu, siku ya sikukuu, akaanguka akamwagiwa maji. Mimi nilifika Lindi, nikasoma sekondari, nikarudi. Niliwahi kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, lakini safari yangu iliishia Rufiji. Mto ulikuwa umefurika, kivuko kimefungwa kwenye gogo, abiria wanapika uji kando ya magari. Niliutazama ule mto, nao ukanitazama, tukaelewana. Lori la kwanza kugeuza kichwa kurudi kusini nilikuwa juu yake. Bibi yangu aliponiona nashuka alisema alhamdulillahi, maana alikuwa ndiyo kwanza anaanza kunililia.

Nilirudi wakati watu wanahamia vijijini. Sisi tulikuwa tukikaa bondeni, kila mmoja na mikorosho yake, nyumba hii haiioni ile. Serikali ikasema tusogee barabarani, upande wa Mitole, tukae pamoja tupate shule, zahanati na kisima. Tukasogea. Nyumba zikasimama safu kwa safu kama watoto wa shule wanaokaguliwa kucha. Na kwa kuwa nilikuwa na cheti na sina pa kwenda, nikapewa kazi ya kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kazi ile ilinifaa kuliko zote duniani, kwa sababu darasa lilikuwa ukumbini kwangu. Waliotembea ni wanafunzi.

Kazi ikanipa redio. Katika safu yetu ilikuwa ni hiyo moja. Jioni watu walijaa barazani kusikiliza taarifa ya habari, mambo ya kilimo, salamu za wagonjwa, na juu ya yote matangazo ya vifo. Bibi alisema hotuba ikikupita leo utaisikia kesho, lakini msiba ukikupita utaitwa mchawi.

Redio hiyo ilikuwa na tumbo. Ilikula betri zile kubwa nene, ambazo sisi tuliziita mawe, na katika duka la kijiji mawe yalikuja kama mvua ya Oktoba: yanatajwa, hayaonekani. Kwa hiyo jiwe la redio halikuachwa life kirahisi. Sauti ikianza kukwama tuliyatoa, tukayaanika juu ya paa, tukiyageuza upande huu na huu kama mihogo ya makopa. Yakiamka, vizuri. Yasipoamka tuliyang'ata. Mpaka leo wako wazee kijijini wenye pengo ambalo si la ugomvi wala la uzee, ni la matangazo ya mpira. Na jiwe likishakufa kabisa, limevimba, linatoa unyevunyevu, mimi nililirusha kupitia dirishani, pasipo kuinuka, likatua kwenye shina la mpapai.

Lundo likakua. Nisiseme uongo, nilikuwa nalionea fahari. Lundo la mawe uani lilikuwa kama ng'ombe zizini kwa watu wa bara. Jirani yangu aliyekuwa na tochi tu alikuwa na kijilundo cha kusikitisha, akakipanga mbele ya nyumba ili kionekane kikubwa.

Mke wangu ni wa Kilwa Kisiwani. Nilimwona mjini Masoko, siku niliyotumwa kuchukua chaki, naye amevuka kuja kuuza mikeka. Ndiyo safari pekee maishani mwangu iliyozaa kitu. Nilipomleta nyumbani bibi yangu alikuwa mlangoni. Kwa desturi yetu bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, na mke wa mjukuu akawa mke mwenziwe, na utani wake hauna mpaka.

"Karibu, mke mwenzangu," bibi akamwambia. "Mume tuliye naye ni mmoja, tena mvivu. Tutagawana hivyo hivyo alivyo."

"Shikamoo, mke mkubwa," mke wangu akajibu. "Basi wewe mchukue yeye. Mimi niachie redio."

Bibi akaitikia marahaba, akamshika mkono, akamwingiza ndani. Tangu siku hiyo nyumba ile ilikuwa yao, nami nikawa kama mpangaji.

Sasa, mwaka ule msikiti wetu mpya ulikuwa umeezekwa bati, na wanawake wakagawana kazi ya mikeka. Mkeka wa safu ya mbele, wanaposimama wazee, ndio wa heshima, hupewa fundi. Mke wangu akauomba. Wanawake wakatazamana. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye sauti ya kutosha vijiji viwili, akasema kwa upole wake wote kwamba wao hawana wasiwasi na mikono ya mgeni wao, ila watu wa visiwani wamezoea nyavu, na nyavu zina matundu. Kwa nini asianze na mkeka mdogo wa pale mlangoni panapovuliwa viatu?

Mke wangu aliwapa jibu lake akaondoka. Alirudi nyumbani, akatandika chini, akaanza kuchana ukindu. Nilimuuliza vipi, akasema, bila kunitazama, kwamba amewaambia Ramadhani itaukuta mkeka wa safu ya mbele umetandikwa, na wakiutoa siku hata moja, ataitika akiitwa Mama Viatu mpaka kufa kwake. Wanawake walikuwa wamekwisha kulijaribu jina hilo, wakaliona linakaa vizuri mdomoni. Basi mambo yakawa hayo. Ama mkeka ukae, ama jina likae.

Nakshi aliyotoka nayo kwao ilitaka nyekundu, zambarau na michirizi myeusi, minyoofu, ya kumwonyesha kila mwenye kusali mahali pa kuweka miguu. Nyekundu na zambarau alikuwa nazo, rangi za unga alizokuja nazo kutoka kwao. Nyeusi haikuwapo. Huku kwetu nyeusi ilipatikana kwa kuchemsha ukindu na majani, kisha kuuzika siku kadhaa katika tope la bwawa. Lakini bwawa lenyewe lilibaki bondeni, kwenye mahame yetu. Tulipohama tulibeba milango, vinu na kuku. Bwawa hatukuweza kulibeba. Kwenda huko ni mwendo wa asubuhi nzima, na kurudi umebeba tope ni mwendo mwingine. Mke wangu akanitazama. Bibi akanitazama. Nikawaeleza kwa kirefu, hoja kwa hoja, kwa nini mwalimu wa watu wazima hawezi kuacha kituo chake.

Siku ya pili bibi akatoka shuleni, alikokwenda kumsalimu mwalimu mkuu aliyekuwa na homa. Alimkuta amepona, anapaka ubao. Mwalimu alikuwa amevunja mawe ya redio, akatoa ule unga mweusi wa ndani, akauchanganya na majani ya viazi yaliyopondwa, na ubao ukatoka mweusi mpaka, bibi alivyosema, ungeweza kujikwaa humo mchana. Bibi alikuwa mtu wa maendeleo. Vijana ndio waliolilia bonde. Yeye alishukuru kuliacha, na kitu chochote kilichokuja kwa gari alikiamini. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye kiti changu.

"Mume wangu," akasema, "lile lundo lako ni rangi."

Mke wangu alisitasita. Akauliza kama rangi ya ubao haifutiki. Bibi akamjibu kwamba kinachofutika ni chaki, ubao wenyewe ulishaona umefutika? Hoja ilikuwa nzito. Mimi nilipoulizwa kama msomi, nikasema hewallah. Kidato cha pili nilichora betri iliyokatwa katikati, nikaipaka rangi, nikaandika majina ya sehemu zote, mwalimu akanipa vema kubwa. Kila kipande nilikijua kwa jina lake. Hakuna aliyetuuliza katika mtihani kwamba betri ikifa inakwenda wapi.

Na ukweli mwingine ni huu: kama nyeusi imo uani, hakuna haja ya mtu kwenda bondeni.

Tukavunja mawe siku nzima. Bibi alishika nyundo, mke wangu akachokora unga kwa mikono, mimi nikasimamia. Wakautia katika sufuria kubwa, ile ya arusi yetu, pamoja na utomvu wa mkorosho ili rangi ishike. Maji yalipochemka bibi akatia magadi, kama alivyozoea kufanya kwa rangi nyingine, ili nyeusi iume. Iliuma kweli. Sufuria ilitoa harufu ya zizi la mbuzi lililofungwa wiki, ikatuingia puani na machoni, tukatoka uani mbiombio kila mtu na upande wake. Harufu ile ya amonia niliijua tangu maabara ya Lindi. Nilijua hata fomula yake. Nilikohoa nayo sawasawa na bibi ambaye hakuijua.

Lakini ukindu ulipotoka ulikuwa mweusi wa kupendeza. Mke wangu aliuinua juani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya Mama Viatu nikamwona akicheka mwenyewe. Maji machafu tukayamwaga kwenye mpapai.

Mambo madogo madogo yakaanza. Sufuria ilipopikiwa wali, maji yakadondoka motoni tone tone. Chini palikuwa na vitundu kama vya chekeche. Kuku mmoja wa bibi aliyekuwa akichakura pale kwenye lundo akasimama akiinamisha shingo, akafa, na bibi akasema ni kideri, japo wengine wote walikuwa wazima. Mpapai ukageuka manjano tangu chini mpaka juu, ukaangusha mapapai machanga kama mtu anayetua mizigo. Nikasema ni jua. Kila kitu nilikuwa na jina lake.

Mikono ya mke wangu ndiyo niliyokosa jina. Kwanza ilikauka, kisha ikaanza kupasuka kwenye vidole, penye kazi hasa, pale ukili unapobanwa na kukunjwa. Alikwenda zahanati. Mganga alimpa mafuta ya kupaka, akamuuliza anashika nini. Akasema ni rangi ya mawe ya redio. Mganga akamwambia rangi hiyo aiache, kwa sababu chumvi za ndani ya mawe yale zinakula ngozi, na kama zinakula bati la betri lenyewe, mkono wa mtu ni nini. Mke wangu alishukuru, akarudi, akavifunga vidole kwa vitambaa, akaendelea kusuka. Mfungo ulikuwa unakaribia. Nilimwambia apumzike, akaniambia mimi nimepumzika kwa niaba ya nyumba nzima, inatosha.

Mkeka ulikwisha, na ulikuwa mzuri. Hata yule mwenyekiti alipoupokea aliuzungusha, akaugeuza, akatafuta tundu, hakuliona. Akasema "haya." Kwake yeye hilo lilikuwa kama shairi.

Ukatandikwa Ijumaa. Kumbuka bati jipya, mwezi wa joto, madirisha bado madogo kwa sababu ya kukosa fremu. Msikiti ulikuwa kama tanuri. Mimi nilikuwa safu ya pili, mahali pangu pa siku zote, maana safu ya mbele inataka mtu wa kuwahi. Shehe alikuwa mbele peke yake juu ya ngozi yake ya mbuzi. Wazee wakasimama juu ya ile michirizi myeusi, sawasawa kama walivyopimiwa, na mimi kwa nyuma nikijaribu kutoona fahari kwa sababu ni dhambi. Nilikuwa nikiona migongo tu. Walikwenda sijida, wakarudi, wakaenda tena, na jasho likafanya kazi yake.

Ikafika salamu ya kumaliza. Kila mtu akageuza uso kulia. Nikaona mabega ya mzee mmoja yakishtuka. Wakageuza kushoto, na mabega mengine yakashtuka. Nyuso zile, kipaji na ncha ya pua, zilikuwa nyeusi tii. Hata hivyo adabu ni adabu, hakuna aliyesema neno, kila mmoja akidhani ni jirani yake tu. Shehe alikuwa bado ametupa mgongo, akaomba dua, tukainua mikono. Viganja vilikuwa vimepita kwenye mkeka navyo. Ilipoitikwa amina, wazee wetu wote wa safu ya mbele wakafanya kama desturi ilivyo: wakajipangusa nyuso kwa viganja vyote viwili, toka kwenye kipaji mpaka ndevuni.

Kisha shehe akageuka.

Alikuwa mtu mzito wa maneno, hajapata kufanya mzaha ndani ya msikiti. Aliwatazama kutoka mwanzo wa safu mpaka mwisho wake, polepole.

"Jamani," akasema, "mmesali, au mmechoma mkaa?"

Safu ya pili tulijitahidi. Wallahi tulijitahidi. Nilijiuma shavu mpaka nikaonja damu, lakini mtu mmoja nyuma yangu alitoa mlio kama wa birika linalochemka, na pale pale msikiti mzima ukaangua kicheko, na wazee wenyewe, walipoonyeshana nyuso, wakacheka kuliko sisi. Wakaenda kisimani kunawa. Unga ulitoka kidogo, kisha ukagoma. Kwa wengine vipaji vikawasha na kutoka vipele kwa siku kadhaa. Mzee mmoja, aliyejulikana kwa kusali pale tu mvua inaponyesha akiwa karibu na msikiti, alibaki na alama nyeusi kwenye kipaji kama ya mcha Mungu wa miaka hamsini, na akakataa kabisa kuiosha.

Nilirudi nyumbani nikicheka njia nzima. Habari ilikuwa imenitangulia. Mke wangu alikuwa amekaa chini ukumbini, mikono yake ndani ya vitambaa imetulia mapajani, hana anachosuka. Kicheko changu kikaishia kizingitini. Mkeka, akaniambia, umerudishwa. Umekunjwa vizuri, umeletwa kwa heshima, na mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeuleta. Hakusema neno baya. Alisema tu, "Pole, Mama Viatu."

Bibi akajitetea kwamba yeye alisema wajaribu, hakusema waende nao mbele ya Mungu. Mke wangu hakumlaumu. Hakunilaumu hata mimi, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniuliza jambo moja.

"Wewe uliyesoma, ule unga ukifika kisimani utatokaje?"

Nikatazama dirishani. Sikuwa nimepata kuutazama uwanja wetu kwa jicho hilo. Lundo lilikuwa juu kidogo, mpapai umekauka chini yake, na kutoka hapo ardhi ilishuka, taratibu, bila kizuizi, mpaka kwenye kisima kifupi ambacho kijiji kizima kilikuwa kinakunywa. Masika hayakuwa mbali. Nikasema sijui. Nilikuwa mwalimu, na neno lile lilikuwa geni kinywani mwangu.

"Basi keshokutwa," akasema, "mikono yangu ikipoa, naanza upya. Nyeusi nataka ya tope. Sitoki mimi katika nyumba hii kwenda bondeni, kwa sababu mimi mgeni, njia siijui. Mke mkubwa hawezi, ni mtu mzima. Sasa sijui amebaki nani."

Nilikwenda bondeni. Andika hivyo: nilikwenda. Nilipotoka alfajiri na madebe mawili kwenye mti begani, majirani walitoka nje wakidhani pana msiba. Jirani mwenye tochi aliniuliza kama nimefukuzwa. Njia ilikuwa imeota upupu, nikajikuna mpaka mahame. Nyumba zetu zilikuwa zimeanguka, mikorosho inazaa bila mwenyewe, nyani wamefanya baraza pale palipokuwa na baraza yangu, na mmoja mkubwa alikuwa amekaa sawasawa mahali pa kiti changu, amenyoosha miguu. Tulitazamana kama ndugu. Bwawa lilikuwa pale pale, na tope lake jeusi, laini, linanuka kama tumbo la dunia. Nikajaza madebe. Katika kurudi nilipumzika kila penye kivuli na mara nyingine penye jua, nikafika nyumbani jua linakuchwa, na tope nusu likiwa mwilini mwangu.

Mke wangu alinipokea madebe. Akatia kidole katika lile tope, akakinusa, akanitazama toka utosini mpaka unyayoni.

"Bibi," akaita, "njoo umwone mume wetu. Kumbe ana miguu."

Safari moja haikutosha, wala mbili, na baada ya muda majirani wakaacha kutoka nje kunitazama. Bibi ndiye aliyechana ukindu, na ndiye aliyeuzika matopeni, akinung'unika kwamba tumemrudisha enzi za kale. Mke wangu alisubiri vidole vifunge, akipakwa mafuta ya nazi kila siku. Ulipotolewa na kuoshwa, ukindu ule haukung'aa kama wa kwanza. Ulikuwa na weusi mpole, wa kivuli. Akausugua kwa kitambaa cheupe chenye maji, kisha kwa chumvi, kisha kwa jasho langu mwenyewe: alinifuta shingo kwa kitambaa akaendelea kusugua. Kitambaa kilitoka kichafu kwa sababu yangu, si kwa sababu ya ukindu. Hapo ndipo akaanza kusuka.

Mwezi wa Ramadhani uliandama mkeka ukiwa umebakiwa na pindo. Waliswali tarawehe za kwanza kwenye majamvi ya zamani, naye akasuka akiwa amefunga, na hakuna aliyethubutu kumtania. Alipoumaliza aliupeleka mwenyewe mpaka kwa mwenyekiti. Yule mama akatoa kitambaa cheupe. Naye alikuwa amejifunza. Akasugua, akatazama, akasugua upande wa pili. Kisha akautwika kichwani kwake mwenyewe, akaupeleka msikitini. Ijumaa hiyo wazee walisali, wakatoa salamu kulia na kushoto, na nikaona kila mmoja akichungulia pua ya jirani yake kabla ya kufumba macho kwa dua. Nyuso zilikuwa safi. Mkeka ukakaa. Mpaka leo mwenyekiti yule, mzee sasa kama tulivyo sote, humwita mke wangu "fundi," na humwita "Mama Viatu" siku za arusi tu, akitaka kuchekesha.

Likabaki lundo. Kabla ya masika mke wangu alisema liondoke, na kila tuliyemuuliza alikuwa na mahali pa kulipeleka ambapo si kwake. Chooni? Choo kilikuwa jirani wa kisima. Tuzike? Udongo ule ule. Tuchome? Mwalimu mkuu aliwahi kutupa jiwe la redio motoni, likapasuka likamrukia kofia. Mtu mmoja akasema litupwe baharini, bahari ni kubwa. Mke wangu akamgeukia.

"Baharini ndiko kwetu," akasema. "Mama yangu anachokoa chaza pale."

Ndipo akautoa mtungi aliokuja nao kutoka kisiwani siku ya arusi. Tuliokota mawe yote, tukayatia humo pamoja na udongo mweusi uliokuwa chini yake na ule mkeka wa kwanza vipande vipande, na mtungi ukawekwa ndani ya nyumba, pakavu, mbali na maji, mahali ambapo pana mtu wa kuulinda siku zote. Unajua ni nani. Kijiji kizima kikaanza kuleta mawe yake kwangu, hata jirani mwenye tochi, aliyeleta kijilundo chake kwa huzuni kama anayetoa mahari. Mtungi ulipojaa tukatafuta wa pili. Huo uko chumbani.

Siku hizi wanaleta na vitu vingine. Simu zilizokufa, chaja, taa za jua zilizovimba tumbo, redio ndogo zisizo na uzito wa kutosha kuheshimiwa. Nimeuliza wilayani panapopelekwa vitu hivi, wakaniambia nisubiri, nami kwa kusubiri sina mpinzani. Watoto wetu walioko Dar es Salaam kila mwaka wanataka niende nikakae nao walau mwezi. Ninawaambia sitaki kuuacha mtungi peke yake.

"Mtungi hauna miguu," mke wangu husema kutoka uani, mikono yake iko kwenye ukili, vidole vizima vyote kumi. "Hautakwenda popote. Nenda."

Mkeka wake ulikaa safu ya mbele mpaka magoti ya wazee yakautoboa, na ulipotolewa hatimaye aliomba kipande kimoja chenye mchirizi mweusi. Ndicho kilichofunika mdomo wa mtungi. Kila asubuhi, kabla sijakaa, mimi huinua jiwe, nikakipangusa vumbi, nikakisugua, nikatazama kama kiganja changu kimeshika weusi. Kisafi. Kisha nakaa.